Uzi Mweupe Kati ya Vyungu

Asubuhi yao ya mwisho ya kawaida, fundi viatu alikuwa anatafuta uzi. Ameketi uani kwenye kigoda chake, kiatu cha mtu mapajani, sindano mkononi, na uzi hauonekani.

"Mke wangu, hujauona uzi wangu mweupe?"

"Nikaufanyie nini, nishonee majani?"

Mkewe alikuwa amechuchumaa upande wa pili, anafuta majani ya maua kwa kitambaa chenye maji. Mtaa mzima walimwita Mama Vyungu. Miaka thelathini aliuza maua kwenye vyungu, kwenye ndoo zilizopasuka, kwenye makopo ya rangi. Hakuna mmea uliotoka pale bila kufutwa majani. Alisema hata mtu hatoki nyumbani bila kunawa uso.

Siku ile alikuwa anakuja mwalimu mkuu wa chekechea kuchukua vyungu kumi na vinane vya kupanga kwenye baraza la shule. Mama Vyungu hakuwahi kupata mteja mkubwa kama huyo. Na mwalimu mkuu angeondoka mikono mitupu, kila mzazi angetaka kujua kwa nini.

Mwalimu akafika. Ndio kwanza anainama kunusa ua, fundi naye akauona uzi wake. Mweupe, uko kati ya vyungu viwili, umekwenda kulia, kushoto, kulia, kama mshono wa kiatu. Kumbe huu hapa, akasema moyoni. Akanyoosha mkono, akavuta.

Buibui mkubwa, mgongo wa michirizi ya manjano na myeusi, akampanda mkononi.

Fundi alipiga ukelele ambao hata leo akiukumbuka huona haya. Kigoda kule, kiatu cha watu kule.

"Nimekwisha! Nimeumwa!"

Mwalimu akarudi nyuma hatua tatu, mkoba kifuani. "Hapana, mama. Watoto wangu wana miaka minne. Siwezi kuwapelekea balaa kama hili."

Mama Vyungu hakuwa mtu wa papara. Alikuja taratibu, akaushika mkono wa mumewe kama anavyoshika mche.

"Tulia, baba watoto. Umeumwa wapi?"

"Hapa! Huoni?"

"Hiyo ni gundi ya viatu."

Akaweka kiganja chake pembeni, buibui akavuka mwenyewe. Kisha akamgeukia mwalimu, ila hakumsogelea.

"Mtazame ukiwa hapo hapo, mwalimu. Huyu tunajuana siku nyingi. Michirizi hii ya manjano ndiyo nguo yake. Miguu anaibana miwili miwili, utadhani anayo minne tu. Mchana kweupe yuko katikati ya utando, kichwa chini, wala hajifichi. Na ule mshono mweupe ni wake, si wa mume wangu. Ukimpulizia, anatikisa utando. Ukizidi, anajiangusha chini akimbie. Kumfuata mtu hajui."

"Kwa hiyo haumi?"

Fundi aliomba moyoni mkewe aseme haumi. Neno moja tu, na biashara imekamilika.

"Ukimbana, atauma. Nani asiyeuma akibanwa? Utasikia kama umechomwa na nyuki, pengine hata chini ya hapo, halafu basi. Lakini watoto wadogo hubana vitu. Kwa hiyo huyu haendi shule."

Akamrudisha kwenye jani lake. Halafu akaanza kukagua vyungu vingine, kimoja kimoja. Anainua, anatazama chini, anageuza jani, anatazama mgongo wa jani. Hakuacha hata kimoja. Darasani hakuwahi kuketi, wala mumewe, na kitabu cha wadudu hajapata kukishika. Yote aliyajua kwa kuchuchumaa na kutazama. Fundi alikuwa amekaa naye uani miaka yote hiyo, na alichojua yeye kuhusu buibui ni kumpiga kandambili tu.

Kufika chungu cha tisa, mwalimu akaweka mkoba chini, akaanza kuinua naye.

Kumi na saba vikapakiwa. Kikabaki cha buibui, chenye ua jekundu, na ndicho kilichokuwa kizuri kuliko vyote. Mwalimu akakitazama, akacheka.

"Mama, mhamishe tu huyo, na hiki nakichukua."

Kesho yake kifua kilimbana Mama Vyungu. Wiki haikuisha. Msibani watu walimsifu sana, kila mtu na lake. Fundi hana maneno mengi. Akiulizwa mkewe alikuwa mtu wa namna gani, hutoa jibu lile lile alilopewa mwalimu siku ile, neno kwa neno:

"Hicho hakitoki, mwalimu. Kina mwenyewe, na alifika kabla yako."