Rozina na Ukuta wa Benki Kuukuu

Rozina hakai. Ukimkuta amekaa, jua anafunga kiatu. Tangu mumewe Dominiko afariki mwaka jana, nyumba yake pembezoni mwa Sumbawanga haikaliki. Kimya cha humo kinamfukuza. Basi kukipambazuka tu, huyo, mbio benki.

Benki yenyewe haina hata shilingi, usije ukafunga safari. Wenyewe walishahamia jengo la vioo, wakaliacha hili kuukuu la enzi za mkoloni: matofali ya kuchoma yaliyofyatuliwa bondeni na babu zetu, tao mlangoni, na chumba cha hazina chenye mlango wa chuma unaomtoa mtu jasho kuusukuma. Baada ya uhuru likawa ghala la mahindi, kisha ofisi, kisha makao ya popo. Sasa serikali imeliorodhesha kuwa urithi, na Rozina ndiye mfagiaji na mshika funguo.

Jamani, alifagia! Akimaliza, anafuta madirisha. Akimaliza, anayafuta tena. Aling'oa majani uani mpaka ua ukawa kipara.

Ikafika Juma Kuu. Kwao Rozina, mwanamke haingii Pasaka na ukuta uliobanduka. Nyumba isiyosiribwa, watu hudhani ina msiba. Akautazama ukuta wa mbele wa benki, lipu imemenyeka.

"Wapita njia waseme hapa pana matanga? Thubutu!"

Akachota udongo mwekundu, akaukanda na kinyesi cha ng'ombe, akasiriba. Kiganja kilipoteleza ukutani alisikia raha, raha kabisa, akaimba na nyimbo za kanisani. Chini akazungusha mkanda wa udongo mweupe. Vijana wa bodaboda wakapiga miluzi: "Mama, unatisha!"

Kesho yake akaja Angela, binti wa ofisi ya mambo ya kale. Akashika kichwa.

"Shikamoo, mama. Nani kafanya hivi?"

"Marahaba, mwanangu. Ni mimi. Limependeza, eti?"

"Mama! Jengo hili haliguswi! Hata msumari haupigiliwi bila kibali!"

Loo! Rozina aliona kazi inamponyoka. Kazi ikiondoka, ni kushinda kule nyumbani. Akapiga magoti, akapiga makofi ya taratibu, kama Wafipa wanavyomwangukia mtu.

"Nisamehe, mwanangu. Usinifukuze."

Angela akamwinua haraka, aibu imemjaa kupigiwa magoti na mtu wa rika la mama yake.

"Sikufukuzi. Mafundi watauondoa huo udongo, na usafi watafanya wao. Wewe usifagie, usifute, usiguse kitu. Nitakuwekea kiti hapa mlangoni, ukae, ulinde. Mshahara uleule. Umehangaika sana, mama, pumzika."

Wengine tungemshukuru Mungu na kuomba mto wa kuegemea. Kiti kikaletwa. Rozina akakaa. Akasimama. Akakaa tena, vidole vinafinyanga upindo wa kitenge. Mara akainuka, akamwekea Angela funguo mkononi.

"Mama, kwani kukaa kuna ubaya gani?"

"Nikikaa namsikia Dominiko anakohoa," akasema Rozina, machozi yanamtiririka. "Anakohoa chumbani, nami nikienda simkuti."

Akashika njia ya mashambani, akimuuliza kila aliyekutana naye kama ana ulezi wa kuvuna.