Tambi za Jumatatu na Alkhamisi

Daktari wa zahanati ya Mpendae aliniambia sukari yangu imefika mpakani: bado si ugonjwa, lakini nikiendelea hivi itakuwa. Akataka nipunguze wanga na vitu vitamu, nitembee kila siku, nirudi baada ya miezi mitatu. Niliogopa sana. Mama yangu, ninayeishi naye Mji Mkongwe, sukari imemchukua macho. Na mimi riziki yangu iko machoni: nashona kofia za mkono, kitobo kwa kitobo.

Lakini mimi ni mbishi. Kutembea nikaona uvivu, nikajitungia dawa yangu: kufunga sunna, Jumatatu na Alkhamisi. Nani aliyewahi kupandwa na sukari kwa kushinda na njaa? Thawabu na afya kwa mkupuo mmoja! Nikawa najisifu kwa majirani.

Mama alifurahi kuliko mimi. Haoni, lakini jikoni anapajua kwa mikono. Kila nikifunga alinipikia tambi za sukari, za samli na iliki, na pembeni mkate wa kumimina, wa mchele na sukari. Ikiadhiniwa Magharibi nilianza na tende tano, kisha nikalivamia bakuli.

"Kula mwanangu, umeshinda na njaa," aliniambia.

Nilikula mpaka nikalifuta bakuli kwa kidole. Nilijiambia kwamba futari ya mtu aliyefunga haina hesabu.

Siku ya kurudi Mpendae nilikwenda kifua mbele. Sukari ilikuwa imepanda. Nilimkasirikia daktari, nikamwambia kipimo chake kibovu. Yeye hakukasirika.

"Bi mkubwa, unafuturu kitu gani?" aliniuliza.

Nikaanza kumtajia. Nilipofika kwenye mkate wa kumimina nikaona aibu mwenyewe.

Kazi ikabaki kumwambia mama. Siku mbili nilizungukazunguka nyumbani bila kusema kitu. Jumatatu alasiri nikamkuta anamenya iliki kwa vidole, nikamweleza yote.

"Kumbe nnakulisha kile kilichonipofua mimi," alisema, akaziweka iliki chini.

Nikalia. Nikamwambia kosa ni langu, mdomo ni wangu. Alinituma sokoni nikanunue mchicha.

Kufunga bado nafunga, lakini nafuturu kwa tende moja, samaki wa kuchoma, mchicha na kipande kidogo cha muhogo. Alasiri natembea mpaka Mnazi Mmoja na kurudi, nikinung'unika njia nzima. Majirani wakileta visheti vyao vitamu nawaambia ukweli, kwamba sukari yangu ilipanda na sivili, ingawa wengine wananuna. Kipimo cha mwisho kimeshuka, si sana. Daktari kasema niendelee hivi hivi.

Mama haulizi namba. Kila siku nikikaa kushona, hunyoosha mkono akanipa sindano na uzi.

"Pitisha," huniambia.

Kisha hungoja mpaka nimwambie nshapitisha.