Kadi ya Swichi Tuliyoifuata Lusewa

Nawataja kwanza waliokuwepo, ili ninyi wa nyumbani mjue nani ni nani. Nilikuwepo mimi, Filomena Ngonyani, niliyepika chuoni hapa Songea miaka mingi. Alikuwepo mjukuu wangu Skolastika, binti wa mwanangu Gaspari, ambaye sasa ni fundi mtandao wa chuo hichohicho, akiwa bado kwenye miezi ya majaribio. Alikuwepo Rashidi Issa, mtu wa Tunduru, mnunuzi wa korosho aliyepanga nyumba ya pili kutoka kwangu. Gari lilikuwa lake. Na kule Lusewa walikuwepo Agnesi, mtoto wa marehemu dada yangu Bernadeta, na mumewe Kanisius Mapunda, mtunza stoo wa kituo cha mafunzo. Basi, wote ndio hao.

Sababu ya kuondoka ni hii. Chuoni kuna swichi kubwa, kasha la chuma refu kama kabati, lenye nafasi za kuchomeka kadi. Kadi hizo si za simu. Ni bapa la chuma, mbele lina matundu arobaini na nane ya waya, na kila waya unakwenda kwenye kompyuta yake. Kadi moja ilikufa, jengo zima la madarasa likakosa mtandao. Skola akaagiza kadi mpya kutoka Dar es Salaam, yenye mwendo mkubwa kuliko zote. Ilipofika akaichomeka, ikaingia vizuri kabisa, na taa yake ikabaki nyekundu.

Ijumaa jioni alikuja kwangu Msamala akakaa jikoni bila kula. Akanieleza kwamba ndani ya kasha kuna kadi moja inayoongoza zote, nayo ni ya zamani, haiijui hii mpya. Na hata ingeijua, njia ya nyuma ya kasha ni nyembamba, mwendo wote ule usingepita. Nikamwambia hilo nimelielewa, ni kama dirisha la jikoni la chuo: hata tuwe wapishi kumi, sahani zilitoka mbilimbili. Akacheka kidogo, halafu akalia. Alikuwa hajaulizia kabla ya kuagiza. Jumatatu asubuhi wanafunzi wanafanya mtihani kwenye kompyuta za jengo lile, na Mkuu wa chuo alikuwa hajui kitu. Bila kadi, kazi yake ilikuwa imekwisha.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Siku kasha lile linaletwa, mafundi wawili, Deogratias Haule na Simoni Tawete, walikula wali kwangu. Garini mwao mlikuwa na makasha mawili ya namna moja. La pili walisema linakwenda Lusewa. Nikampigia Agnesi, akasema kasha lipo, limewekwa stoo, kwa kuwa kompyuta za kituo zimebaki chache.

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, Rashidi alikuwa mlangoni. Alikuwa anakwenda upande ule kuona wakulima wake. Nilivaa kitenge changu cha Pasaka, na moyo ulikuwa unanidunda kama binti anayengoja kuposwa, nawaambieni ukweli. Rashidi akaniamkia, shikamoo bibi, kisha akaanza utani wake: Wangoni siku hizi wanateka vyuma badala ya ng'ombe. Nikamjibu aendeshe, korosho zake zitaota akisubiri.

Saa tatu tulikuwa Namtumbo. Tulikunywa chai na vitumbua, nikamwona mtoto wa Tekla Nyoni nikamsalimia kwa jina, akashangaa. Baadaye tukaacha lami. Barabara ya Lusewa ni ya udongo mwekundu, na pande zote kulikuwa na mahindi yaliyokauka yakisubiri kuvunwa. Skola alikumbatia begi la laptop njia nzima. Kila gari lilipotikisika aliniuliza kama nina hakika yalikuwa makasha mawili. Nikamjibu kwamba Simoni Tawete aliongeza nyama mara mbili, siwezi kumsahau mtu wa namna hiyo.

Saa saba mchana tukafika Lusewa. Agnesi alitupokea kwa vigelegele. Kanisius naye aliinama, akarudi nyuma, akaenda kukaa karibu na mlango akiwa amegeuza uso. Mimi kwake ni mama mkwe, na huyu ni mtu wa heshima za zamani: haniangalii usoni, wala hasemi nami moja kwa moja. Kila neno linapita kwa mkewe.

Baada ya ugali na kunde nilimweleza Agnesi shida yetu. Kanisius alisikia yote, hatua mbili kutoka nilipokaa. Akasema:

"Agnesi, mwambie mama, mali ya kituo haitoki kwa undugu."

"Mama, anasema haitoki kwa undugu."

"Mwambie nimesikia, sijawa kiziwi. Muulize inatoka kwa kitu gani."

Jibu likaja kwamba inatoka kwa simu ya mkuu wa chuo kwenda kwa mkuu wa kituo, wakubaliane kuazimana. Nikamtazama Skola. Yeye alikuwa amepanga kuichomeka kadi kimyakimya, na ile mpya kuifungia kabatini. Sasa ilibidi aseme.

Simu Lusewa inashika vizuri pale juu karibu na kanisa. Tulipanda wote wawili. Skola aliwasha simu, akaizima, akaiwasha tena. Nikamwambia kadi iliyokosewa ni chuma tu, lakini ikifichwa, chuo kitaendelea kumwamini fundi asiyekosea, mtu ambaye hayupo. Akapiga. Nilikuwa nimesimama karibu, nikamsikia akisema, "Mkuu, kadi mpya haifanyi kazi kwenye kasha letu. Kosa ni langu, sikuulizia kadi inayoongoza ni ya toleo gani." Akamweleza na habari ya kasha la Lusewa. Mkuu akasema atampigia mwenzake wa kituo, na mengine watazungumza Jumatatu.

Saa tisa mkuu wa kituo alimpigia Kanisius, naye akafungua stoo. Jamani, mtu yule anatunza vitu! Hakuna hata buibui. Lakini kadi tatu zilizokuwa kwenye kasha alikuwa amezipaka rangi nyeupe na kuandika namba za mali ya kituo, kama anavyoandika kwenye viti na majembe, na rangi ile ilikuwa imefunika maandishi yote ya kiwandani. Skola aligeuza kadi moja baada ya nyingine, hazisomeki. Kwa umbo zote zilikuwa sawa. Ile mpya ya chuo pia ilikuwa ya umbo hilohilo, na tulishaona umbo halitoshi.

Kanisius akamwambia mkewe aniambie kwamba maagizo yalikuwa kila mali iandikwe mahali panapoonekana. Masikini, alitahayari mpaka masikio.

Skola akakaa chini akafikiri. Kisha akauliza kama kuna umeme. Ulikuwepo. Alisema kasha likiwashwa litasoma kadi zake lenyewe na kuzitaja. Rashidi, aliyekuwa amesharudi kutoka kwa wakulima, akasaidia kulivuta mpaka kwenye soketi, akisema bismillahi. Lilipowaka lilinguruma kama mashine ya kusaga, Agnesi akakimbilia nje.

Tulingoja. Waya mmoja ulitoka kwenye kasha kwenda kwenye laptop, na maandishi yakaanza kushuka. Kasha likataja kadi yake inayoongoza, Skola akashika mdomo: ilikuwa ya toleo lilelile la chuoni. Likataja ya kwanza, hitilafu. Ya pili, matundu ishirini na nne tu ndiyo mazima. Ya tatu ikachelewa, taa yake ikawa ya njano, halafu ikageuka kijani.

"Arobaini na nane," Skola alisema. "Bibi, ndiyo hii."

"Mama, umeona!" Kanisius alinigeukia uso kwa uso, amenishika hata mkono. Kisha akatambua alichofanya, akatoka mbio stoo. Mpaka leo Agnesi anamcheka.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, tulirudi. Kadi ilikaa mapajani mwangu, imezungushiwa godoro jembamba la mtoto. Saa tisa alasiri tulikuwa chuoni Songea. Skola aliichomeka, njano, kijani, na kwenye jengo la madarasa kompyuta zikaanza kupata mtandao chumba kwa chumba. Nilipiga vigelegele peke yangu kwenye korido.

Jumatatu mtihani ulifanyika. Mkuu alimwita Skola, akamwambia aandike maombi ya kadi mpya inayoongoza, aeleze na kosa lake humohumo, na chini asaini: fundi mtandao wa chuo. Neno la majaribio hakulitaja.

Nilichojifunza ni kwamba kitu kuingia mahali pake bado siyo kupokelewa; uulize kwanza aliye ndani. Haya nimeyaandika jinsi ninavyoyakumbuka. Kama pale Namtumbo hakuwa mtoto wa Tekla bali wa dada yake Maria, au kama kadi njema ilikuwa ya pili na siyo ya tatu, aliyekuwepo anisahihishe, nitafuta niandike upya.