Ubavu wa Ishirini na Nne

Nilipoanza kujifunza udresa, kazi ya kuuguza na kufunga vidonda, niliandika kwamba mwanamume ana mbavu ishirini na tatu. Niliandika kwa wino, kwenye daftari safi, nikapiga mstari chini yake kwa rula. Sikuwa na shaka hata kidogo, nami ni mtu wa kutilia shaka kila kitu. Narudi mara mbili kuhakikisha mlango nimeufunga. Tone la wino likidondoka, nauchana ukurasa mzima na kuuandika upya. Lakini hilo la mbavu sikulirudia.

Kitabu changu cha mwili wa binadamu nilipewa Mbeya na dresa mmoja mzee aliyekuwa akistaafu. Kilikuwa cha Kiingereza, hakina jalada, na panya walikuwa wamekula sura yote ya kifua. Mimi niliishia darasa la sita. Nilikisoma kwa kamusi, neno kwa neno, kwa miaka miwili, huku nikisafisha sakafu za wodi. Pale panya walipoacha tundu nililiziba kwa nilichokijua, na nilichokijua kilitoka kwa baba.

Baba ni mwinjilisti katika milima ya juu ya Mbalizi. Alipotufundisha kwa ajili ya kipaimara alisema Mungu alitwaa ubavu mmoja wa Adamu, ndiyo maana sisi wanaume tuna pengo upande wa kushoto mpaka leo. Akatuambia tujipapase. Wavulana wote tulijipapasa chini ya mashati, tukakubali. Baadaye, nikiwa na kitabu changu, nilijihesabu tena peke yangu. Kuna siku nilipata kumi na mbili kulia na kumi na mbili kushoto. Siku hizo nilijiambia nimekosea, nikaendelea kuhesabu mpaka kushoto zikawa kumi na moja. Ninaona haya kuliandika hili, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Hospitali moja ya misheni upande wa Iringa ilinipokea kwa majaribio ya miezi mitatu. Tulikuwa wanafunzi watano. Wenzangu wote walikuwa wamemaliza shule ya kati. Mwalimu wetu, mganga msaidizi mwenye sauti ya chini, alitueleza mapema kwamba atakayeshindwa majaribio atarudi alikotoka. Wao wangerudi nyumbani. Mimi ningerudi kwenye ufagio wangu Mbeya, na kitabu kilicholiwa na panya.

Wiki ya mwisho ya majaribio alituuliza mmoja mmoja. Ilipofika zamu yangu akasema, "Mbavu za mwanamume ni ngapi?"

Nilisimama, mikono nyuma. "Ishirini na tatu, Mwalimu. Kulia kumi na mbili, kushoto kumi na moja."

Aliyekaa mbele yangu aliinamisha kichwa, mabega yakamtikisika. Mwingine akanong'ona, ila nilimsikia, "Huyu mmoja kausahau kwao."

Mwalimu hakucheka. "Nani alikuhesabia?"

"Nilihesabu mwenyewe."

"Uliwahesabu watu wangapi?"

"Mmoja, Mwalimu. Mimi."

Alilifunga daftari langu na kulitia kwenye mtoto wa meza yake. "Nenda wodini. Hesabu wanaume na wanawake, wale watakaokubali. Jumamosi uniletee kile vidole vyako vilichokikuta. Ukiniletea maneno ya kitabu, au ya mtu yeyote, unarudi Mbeya."

Nilianza na mzee mmoja mkulima wa pareto aliyelazwa kwa kikohozi. Alikuwa amekonda hata mbavu zilionekana toka mlangoni. Nilimwamkia "Kamwene," kama wanavyoamkiana Wahehe, kisha nikashindwa kuendelea. Mwishowe nikamwambia ukweli, kwamba nimetumwa kuhesabu mbavu kwa sababu nimekosea darasani.

"Zangu ziko nje, hazihitaji shule," akasema, akavua shati.

Niliweka vidole kwenye shingo yake na kuteremka polepole. Ubavu, bonde, ubavu, bonde. Nilipofika wa tano akavuta pumzi, na kifua kizima kikainuka chini ya mikono yangu, mbavu zote kwa pamoja, zikafunguka kama kikapu kinachonyanyuliwa kwa vishikio vyake vyote viwili. Zikashuka. Zikainuka tena. Nilisahau nimefika ngapi. Katika vitabu mbavu zimechorwa zimetulia. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba hazitulii, kwamba tangu siku tunayozaliwa zinafanya kazi hii, hata tukiwa tumelala, hata tukiwa na hasira na mtu. Kisha chini ya kidole kimoja, upande wa kushoto, kitu kikanigonga kidogo kutoka ndani. Ulikuwa moyo wake. Niliuondoa mkono haraka, kana kwamba nimefungua mlango wa chumba cha mtu bila kubisha.

"Ngapi?" akauliza mzee.

"Nimepotea, babu. Naomba nianze upya."

"Anza. Mimi siendi popote."

Ishirini na nne. Nilirudia. Ishirini na nne.

Kwa wanawake mkunga alisimama karibu yangu, nami nikahesabu mgongoni tu, juu ya kanga. Mama mmoja aliyekuwa akifua mashuka ya hospitali alikubali, ila alilalamika tangu mwanzo hadi mwisho.

"Mwanangu, unanihesabu kama mbuzi wa mahari?"

"Tulia, mama," mkunga akamwambia. "Mbuzi hawapigi kelele hivi."

Kufikia Ijumaa nilikuwa na watu tisa. Wanawake wanne, wote ishirini na nne. Wanaume watano, na wanne kati yao ishirini na nne vilevile. Wa tano alikuwa mpasua mbao aliyevunjika mguu, mtu mpana, mgongo wake mgumu kama gogo alilokuwa akilipasua. Kwake nilikuta ishirini na tatu. Nilihesabu mara nne, kwa siku mbili. Ishirini na tatu kila mara.

"Usihangaike, kijana," akaniambia. "Huo mwingine niliubadilisha na pombe ya ulanzi kule Nyololo."

Mchana huo baba akafika. Alikuwa amepanda lori toka Mbeya, vumbi limemjaa hadi kwenye nyusi, amebeba mfuko wa maharage ya mama. Tulikaa kwenye benchi nyuma ya chumba cha kufulia, penye miti ya miwati. Akaniuliza masomo. Nilijaribu kumficha, nikashindwa. Nikamsimulia yote, pamoja na kicheko cha wenzangu. Sikumtazama usoni.

Kisha akasema, "Kwa hiyo nilikufundisha uongo."

"Sikusema hivyo, baba."

"Mimi ndiye nimesema." Akavua koti, akalikunja, akaliweka juu ya mfuko wa maharage. "Haya. Nihesabu."

Sikuwahi kumgusa baba hivyo. Kwetu mtoto hupokea mkono wa baba, hauweki wake juu yake. Ngozi yake ilikuwa na joto. Mbavu zilikuwa zilezile za mzee wa pareto, kwa mpango uleule, na nikafikiri kwamba ndani ya huyu niliyekuwa nikimwogopa kulikuwa na kikapu hiki tangu awali, kinapanda na kushuka alipokuwa akihubiri, alipokuwa akinichapa, alipokuwa akilima.

"Ishirini na nne, baba."

"Rudia."

Nikarudia. "Ishirini na nne."

Akavaa koti, akafunga vifungo vyote hadi cha shingoni. Alikuwa akiyatazama mashuka yaliyoanikwa. "Babu yako alikatwa kidole na shoka kabla hajaoa," akasema hatimaye. "Mimi nimezaliwa na vyangu kumi. Miaka yote hii sikuwaza." Akasimama kukung'uta vumbi. "Adamu alitwaliwa ubavu wake. Mimi sikutwaliwa wangu."

Jumamosi asubuhi nilikaa mbele ya karatasi mpya kuandika hesabu yangu. Watu kumi sasa, baba akiwa wa kumi. Tisa waliandikika bila shida. Kwa mpasua mbao nilikwama. Nilishajua kwamba jibu sahihi ni ishirini na nne. Ningeandika hivyo, karatasi ingekuwa safi, na ningebaki. Nikiandika ishirini na tatu, Mwalimu angesema bado nang'ang'ania ya kwetu. Na mimi karatasi yenye doa hainipi usingizi. Lakini ubavu huo sikuugusa. Niliandika ishirini na tatu.

Mwalimu alisoma kimya hadi mstari huo. "Na huyu?"

"Ndivyo nilivyokuta, Mwalimu. Mara nne."

"Unaamini ana ishirini na tatu?"

"Siamini. Ila sikuupata."

Akasimama, akatoka, nami nikamfuata hadi wodini. Akamwomba mpasua mbao ajilaze ubavu. Kisha akashika vidole vyangu viwili, akavipeleka chini kabisa ya mbavu, karibu na uti wa mgongo, akavididimiza kwenye nyama ile ngumu mpaka nikaogopa nitamwumiza.

"Sasa usitafute," akasema. "Subiri avute pumzi."

Nikasubiri. Mtu yule akavuta pumzi, na kutoka ndani kabisa kitu kidogo kikaja kwenye ncha za vidole vyangu, kifupi, chembamba, hakifiki popote mbele, kikanigusa na kurudi. Ulikuwa pale siku zote mbili nilizokuwa nikiutafuta. Ulikuwa pale hata aliponitania. Macho yalinijaa machozi na sikuweza kuyaficha, kwa maana mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

"Umeupata?" mpasua mbao akauliza, uso wake ukiwa ukutani.

"Nimeupata."

"Kumbe yule wa Nyololo alininywesha bure."

Mwalimu alitoa daftari langu kwenye mfuko wa koti lake, akanirudishia. "Jumatatu tunaanza mifupa ya mkono," akasema. "Uje na penseli."

Sasa niko mwaka wa pili. Mlango bado narudi kuuhakikisha, na kurasa bado nazichana. Ila siku hizi naandika kwa penseli kwanza, na wino naupitisha juu nikishagusa. Baba bado anafundisha kipaimara kule juu ya Mbalizi. Habari ya Adamu anaisimulia kama zamani, lakini hawaambii tena watoto wajipapase.