Gauni Langu la Harusi ya Mdogo Wangu

Kwenye korido ya ghorofa ya tatu, katika hoteli ya Al Garhoud, huku ughaibuni ninakosafisha vyumba, imetundikwa picha kubwa ya harusi ya kijijini Urusi. Mama mmoja wa Kirusi, mgeni wetu, aliniambia ni nakala tu. Yenyewe ilichorwa zaidi ya miaka mia iliyopita na mchoraji aliyependa watu wa kawaida kuliko wafalme. Wamo wote humo. Bibi kizee anamimina kinywaji, watoto wamerundikana juu ya jiko la udongo, na bibi harusi ameinamisha macho huku mwanamke mmoja amemshika mkono. Nimefuta kioo chake miaka minne, na sifichi, niliwaonea wivu hadi wale watoto.

Mdogo wangu alipochumbiwa niliomba likizo. Supervaiza akasema huu ni msimu wa wageni, khalas, yaani basi. Ninayeishi naye chumba kimoja, Mtanga mwenzangu wa idara ya kufulia, akapewa yake bila kelele. Basi nikampa abebe jora zima la kitambaa nililonunua Deira, sare ya wanawake wa nyumbani kwetu. Nikamwomba mama na langu lishonwe, liwekwe kitandani kwake mwenyewe, ili nami nihesabiwe kuwa nipo. Kwetu dada mkubwa ndiye anayemtoa bibi harusi chumbani, na dada mkubwa ni mimi.

Picha za simu zilinikuta koridoni na toroli langu. Mwenzangu yumo ndani ya gauni langu. Amemshika mdogo wangu mkono, na mama yuko pembeni anacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu niondoke. Roho iliniuma hadi nikakaa chini kwenye zulia. Nilipoinua macho nikamwona yule mwanamke wa kwenye picha ya ukutani, aliyemshika bibi harusi mkono, nikajiuliza huyo naye amekalia nafasi ya nani.

Nikampigia mama. Niliuliza kwa sauti ambayo binti hapaswi kumtolea mzazi, nani alimruhusu mwenzangu kuvaa nguo yangu. Mama akajibu:

“Mdogo wako alikuwa analia, mwanangu. Alitaka mtu wa kumshika mkono. Gauni lingemshikaje?”

Nilikata simu nikiwa na hasira zaidi.

Mwenzangu alirudi wiki mbili baadaye, amenawiri, ana harufu ya udi wa nyumbani. Alinipa gauni kwa mikono miwili, limefuliwa na kupigwa pasi vizuri kuliko nguo za wageni wetu. Akaniambia mama ananisalimu sana. Akasema mama ameshamzoea, sasa anamwita mwanangu. Najua alidhani ananifurahisha.

Sikulipokea. Nilimwambia abaki nalo, maana mama yangu ameshalizoea mwilini mwake.