Shuka Zilizokataa Kukauka

Masika yale ya miaka ya vita nilikuwa mke wa watu huko Kisauni, upande wa Junda, na kazi yangu kubwa ilikuwa kukausha shuka. Kupika, kufagia na kuteka maji vilikuwepo vilevile, lakini hivyo huisha. Shuka haziishi. Mamamkwe alikuwa ameteleza mlangoni akavunjika nyonga, na tangu hapo akawa mtu wa kitandani. Kila asubuhi nilimgeuza, nikapapasa shuka chini yake, nikaikuta mbichi. Nikaitoa, nikaifua, nikaitandaza juu ya tenga.

Jua tulikuwa tumelisahau. Kamba ya uani ilikuwa ya kupumzikia kunguru tu. Kwa hiyo tulikausha kama walivyokausha wote wenye wagonjwa na watoto wachanga: tenga kubwa la fito, ambalo zamani lilikuwa la kubebea nazi, tulilipindua juu ya seredani ya makaa, na nguo ikatandazwa juu yake. Ukilipatia, shuka hukauka kabla ya adhuhuri. Ukilikosea, unapata doa la kahawia na harufu ya moshi ambayo haitoki hata ukifukiza udi.

Letu lilikuwa na kituko chake. Nguo ilitoka juu yake kavu kabisa, ina joto. Ukiilaza usiku, asubuhi ni mbichi. Basi ama tenga halikukausha hadi ndani, ama mgonjwa ameanza kujikojolea. Sote tulijua lipi kati ya mawili hayo ndilo linaloingia akilini, na hakuna aliyethubutu kulitaja. Harufu haikuweza kutuambia kitu, maana moshi ulikuwa umefunika harufu zote nyumbani.

Ndipo tenga likaanza kubebeshwa lawama. Mume wangu alikuwa kuli bandarini, na siku hizo meli za vita zilikuwa haziwaachi watu wapumue. Alirudi amechoka hata kula hataki, lakini alikaa uani akalisema tenga kwa sauti kubwa ili mama yake asikie ndani. Mara makaa yamenyeshewa. Akaleta makaa makavu. Mara tenga limekaa chini mno, akaliinua kwa mawe. Mara fito zimejaa masizi hazipitishi hewa, akazing'oa baadhi, tenga likabaki na mapengo, na pindo la shuka likaanguka ndani likaungua. Tukajaribu vifuu badala ya makaa. Vikawaka kwa hasira, nikashinda nimesimama na maji ya kuzimia moto. Tukaihamisha seredani kutoka uani hadi ukumbini, na macho yakatuwasha sote. Kila jioni tulitangaza kwamba leo tenga limepona. Kila asubuhi nilipapasa shuka nikaikuta vilevile.

Ile ilikuwa namna yetu ya kumsitiri. Nilichoka nayo kuliko nilivyochoka na kufua, kwa sababu kufua hakukunitaka niseme uongo kwa uso mkavu.

Naye hakuwa mtoto. Alikuwa mwanamke aliyelea watu, akazika watu, na alijua sauti ya kusitiriwa. Asubuhi moja nilipokuwa naipapasa shuka nikianza tena habari za makaa, alinishika mkono.

"Liacheni hilo tenga, mwanangu," akasema. "Tenga halina kosa."

Tangu siku ile aliacha kunywa maji. Hakusema kwamba ameacha. Nilimpelekea kikombe, akanishukuru, akakiweka kando, na nilipokirudia nilikikuta kimejaa. Uji alionja ncha ya kijiko. Akaacha pia kuniita nimtawadhishe. Nilipomuuliza, alisema hawezi kuswali juu ya najisi yake mwenyewe. Midomo yake ikapasuka, ngozi ya mkono ukiifinya inabaki imesimama. Mume wangu alimsihi, akamkasirikia, akatoka nje akalia, na hilo la kulia sikuwahi kuliona kwake. Nilielewa wazi kwamba akiendelea hivyo tutamzika kabla masika hayajaisha, na kitakachomuua si nyonga, ni aibu. Niliogopa. Na katikati ya woga huo shuka ilikuwa inaningoja, nami niliichukia shuka ile kama mtu.

Asubuhi iliyobadili mambo nilikuwa natoka kwenda kisimani. Nilifungua kasha nikatoa leso yangu, ambayo nilikuwa nimeikausha juu ya tenga lilelile, nikaikunja na kuifungia humo. Nikajifunga kama tunavyojifunga sote: pindo moja nimeliuma kwa meno, mikono inazungusha jingine. Leso ilikuwa baridi mwilini. Tena ilikuwa na chumvi.

Nikasimama nimeiuma. Leso ile hakuna aliyeilalia.

Ukuta wa kisima chetu cha maji matamu ulikuwa umebomoka mvua zilipoanza, na kilichopatikana pale kilitosha kunywa na kupikia. Maji ya kufulia niliyateka kisima cha chini, karibu na mikoko, ambako bahari huingia chini kwa chini. Sabuni haikutoa povu, nikasema ni sabuni mbovu za vita. Maji ya mvua kutoka paa letu la makuti yalikuwa na rangi ya chai, yangeharibu shuka nyeupe. Kwa hiyo nilikuwa nafua kwa chumvi, nakausha kwa moto, na usiku chumvi inavuta unyevu wote wa masika na kuurudisha kwenye nguo. Chungu cha chumvi jikoni kilikuwa kinatoka maji mbele ya macho yangu kila siku.

Sikumwambia hapo hapo. Kumpa tumaini kisha kumnyang'anya nisingeweza. Nilikwenda kwa jirani, mama mmoja wa Kirabai ambaye nyumba yake ilikuwa na paa la mabati, nikamwomba maji ya mvua. Alicheka kwamba kwetu maji yanamwagika kutoka juu nami nakuja kuomba maji, lakini alinijazia debe. Nikasuuza shuka moja kwa maji yale hadi mikono ikafa ganzi. Ya pili niliiacha na chumvi yake. Nikazikausha zote mbili kwenye tenga letu lenye mapengo, nikazikunja, nikaziweka juu ya kasha.

Asubuhi nilimpelekea zote mbili kitandani.

"Mama, hizi hakuna aliyezilalia. Zishike."

Aliishika ya kwanza, akaishika ya pili. Akairudia ile mbichi, akaipeleka mdomoni, ulimi ukagusa. Nikamweleza kisima, nikamweleza povu. Machozi yalimtoka kidogo, kidogo kwa sababu mwilini hayakuwemo.

"Kumbe ni mai ya mikokoni," akasema. "Nipa mai, mwanangu. Yale matamu."

Nilimwinua kichwa akanywa kikombe chote, akataka kingine. Mchana aliniita nimtawadhishe.

Kazi haikupungua; iliongezeka, maana sasa nilibeba maji kutoka kwa jirani. Mume wangu alifunga fito mpya kwenye tenga, naye mama akanywa maji yake kila siku, na asubuhi nilipapasa shuka nikaikuta kavu. Nikaanza kuzoea.

Kisha asubuhi moja, kabla sijafika kitandani, aliniita. Nilimkuta ameketi kwa kuegemea ukuta, kikombe kitupu mkononi, uso hauna aibu yoyote.

"Leo usiende kukigombeza kisima," akasema. "Leo ni miye."

Akanipa kikombe nikijaze.