Shira ya Mjomba

Juzi binti yangu, anayesomea mapishi hapa Unguja, alinionyesha chupa mbili za sosi tamu za dukani akaniuliza karameli na tofi zinatofautianaje. Nilimjibu kwamba ni moto tu, dakika chache za moto. Kisha nikaingia chumbani nikajifanya natafuta miwani. Ngoja nikueleze wewe, maana yeye sijawahi kumweleza.

Koko, ndivyo tunavyomwita bibi kwetu Komoro, alikuwa mwanamke wa Mutsamudu. Mjomba, mwanawe pekee aliyebaki, alipopewa kazi ya ualimu Moroni, kisiwa kingine, koko alifunga sufuria zake akamfuata, na mimi, yatima wa binti yake, nikachukuliwa pamoja na sufuria. Alikuja na shira yake pia. Aliyeyusha sukari kavu mpaka ikawa kahawia, akamimina tui, nayo ikachachamaa na kurusha matone, akatia kipande cha vanila na kukoroga hadi ikashika kwenye mwiko. Hapo aliepua. Tuliimwaga juu ya shelisheli la kuchemsha, na mjomba alikuwa akimalizia sahani kwa kidole, mwalimu mzima.

Majirani zetu wa Moroni hawakuepua hapo. Waliiacha ichemke mpaka tone lake likiangukia maji baridi linakuwa gumu, ndipo wakaimimina kwenye sinia lililopakwa mafuta na kuikata vipande. Hiyo ni gubiti. Koko aliidharau, akasema ni kitu cha kunyamazishia watoto. Nao wakamtania kwamba watu wa Mutsamudu hawana subira, wanaepua chakula kibichi. Walikuwa wakicheka mpaka wanajishika mbavu, na nimekikosa sana kicheko kile.

Ilikuwa miaka ya mamluki, wazungu wa kukodiwa waliokuja na bunduki wakaishika nchi. Mjomba alisema jambo juu yao darasani, sikuwahi kujua jambo gani, wakaja kumchukua mchana, chaki bado mkononi. Koko miguu ilikuwa ikimvimba, hivyo kila Ijumaa alinituma mimi gerezani na mkebe wa shira. Walinzi waliikoroga kwa vijiti vya kuokota chini, wakitafuta barua, wakampelekea kidogo, iliyobaki wakanirudishia imejaa mchanga. Basi koko alikishusha kiburi chake, akaenda kwa jirani kujifunza gubiti.

Gubiti ilipita. Mkebe ulirudi mtupu, na koko akaanza tena kupata usingizi. Nami nilifurahi kwa sababu zangu. Vile vipande vya pembeni mwa sinia, vilivyokatika vibaya, vilikuwa vyangu. Kwenye shira sikuwahi kupata zaidi ya kulamba mwiko.

Asubuhi moja, nikitoka chuo cha Kurani, bwana mmoja wa kijiji cha Vouvouni alinisimamisha kichochoroni. Nilimwamkia "kwezi", kama mtoto anavyomwamkia mkubwa kwetu. Alikuwa ametoka gerezani jana yake, na aliogopa kuonekana mlangoni petu. Alisema upesi, "Mwambie koko wako, mwalimu anaomba shira, hata yenye mchanga. Gubiti anatugawia sisi. Hawezi kuitafuna."

Nilikuwa na miaka tisa na nilielewa kila neno. Nyumbani nilimkuta koko anapaka sinia mafuta, nikanyamaza. Nilijiambia nitasema kesho. Zikapita Ijumaa nyingi.

Mjomba aliachiwa siku ya mvua, amekonda, shati si lake. Koko akamwekea sahani ya gubiti huku amejaa fahari. Mjomba alitia kipande mdomoni, akakitoa, akakishika tu kiganjani. Ndipo tulipoona fizi. Meno walimvunja siku za mwanzo kabisa, yakabaki machache ya nyuma upande mmoja.

"Mama, nilituma ujumbe nipikiwe shira," alisema taratibu.

"Haukunifikia, mwanangu."

Mjomba alinitazama. Mimi nilikuwa nikitazama mkeka.

"Basi yule bwana wa Vouvouni alisahau," akasema, na hakulitaja tena maisha yake yote.

Koko alipika shira saa ileile, akilia, hata vanila hakukumbuka kutia. Gubiti hakuigusa tena. Wala hakumsamehe yule bwana wa Vouvouni. Wakikutana sokoni koko aligeuza uso, na yule bwana akabaki amesimama na kikapu chake, hajui kosa lake. Niliyaona hayo zaidi ya mara moja, mkono wangu ukiwa ndani ya mkono wa koko.

Koko tulimzika kwao Mutsamudu, na kaburi la mjomba liko Moroni. Nyumba yetu sasa ni duka la simu, na jiko lake wamelisakafia. Mwaka juzi nilijikaza nikaenda Vouvouni kumtafuta yule bwana, wanawe wakanionyesha kaburi. Walinikaribisha vizuri, wakaniuliza nilimjuaje baba yao. Nikasema aliwahi kunipa ujumbe nilipokuwa mdogo. Wakafurahi, wakataka kujua kama niliufikisha.

Nikawaambia ndiyo.